Uji mzito unaopita kwenye waya

Watu wakisikia umefungwa waya mdomoni wanakuletea vitu viwili: pole na uji mweupe. Pole nilizipokea zote. Uji mweupe niliunywa siku za mwanzo, kisha nikaukataa, na wapo majirani hapa Chikongola, Mtwara, ambao mpaka leo wanaamini nilikuwa naringa.

Mimi ni mama lishe. Nauza chakula karibu na stendi: asubuhi mbaazi za nazi na vitumbua, mchana wali na ugali, wa mahindi na wa muhogo, kwa samaki au kisamvu. Wateja wangu wengi ni makuli na madereva. Ukimpa kuli sahani iliyojaa mchuzi mwepesi atakula, atashukuru, na kesho utamwona kwa jirani yako. Tumbo kujaa si kushiba, hilo nalijua kwa biashara. Kwa hiyo nilipoona khanga haikai tena kiunoni sikwenda kumuuliza mtu sababu. Nilikitazama kikombe.

Kisa chenyewe ni kifupi. Nilikuwa natoka soko la samaki la Feri alfajiri, beseni la samaki mapajani, bodaboda akakwepa mbuzi, tukaenda chini wote. Taya la chini likavunjika sehemu mbili. Nikafanyiwa upasuaji, nikawekewa vyuma vidogo na skrubu, kisha meno ya juu na ya chini yakafungwa pamoja kwa waya ili taya litulie liunge. Wengine huwekewa vyuma tu na hawafungwi. Wanaofungwa kwa kawaida hukaa wiki nne hadi sita, inategemea mvunjiko na daktari. Mbuzi hakuumia. Samaki sijui waliishia kwa nani.

Hospitali niliyotibiwa walinifanyia kazi nzuri, sina neno kwenye mikono yao. Neno langu liko kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Iliandikwa: chakula cha maji, uji, juisi, supu. Basi. Uji gani, kiasi gani, mara ngapi, hakuna aliyesema, na mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kuuliza maana mdomo ndio huo umefungwa. Ukimpa mtu karatasi ya namna hiyo, nyumbani watampikia uji wa mgonjwa, ule ambao ukitikisa kikombe unasikia maji.

Sasa tupige hesabu. Kikombe cha uji wa mahindi mwepesi kina unga kama gramu 25. Hiyo ni kalori 90 hivi na protini gramu mbili. Kunywa vikombe sita kutwa nzima, tumbo limetuna kama ngoma, umepata kalori 540, ambazo ni kama robo ya mahitaji ya mtu mzima. Protini umepata gramu 12. Afisa lishe niliyemkuta baadaye kliniki aliniambia mtu anayeunga mfupa na kidonda anahitaji protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Mtu wa kilo 60 hapo anatafuta kati ya gramu 72 na 90. Kumi na mbili ni dharau.

Juisi nayo isikudanganye. Glasi ya juisi ya embe ni sukari na maji, ina vitamini zake, sawa, lakini mfupa hauungwi kwa sukari. Na supu iliyochujwa mpaka ikabaki rangi, ile ni chumvi na harufu.

Chukua kikombe kilekile cha uji. Tia korosho zilizosagwa gramu 30, yai moja, vijiko viwili vya chakula vya unga wa maziwa na kijiko kimoja cha mafuta ya nazi. Sasa kina kalori karibu 500 na protini kama gramu 17. Vitano vya hivyo kwa siku, na mtu wa kilo 60 ameshafika anakotakiwa. Kikombe hakijaongezeka ukubwa. Hii ndiyo siri nzima ya kula ukiwa umefungwa: nafasi ni ndogo, tumbo linajaa haraka, mkono unachoka kusukuma bomba, kwa hiyo kila kinachoingia kiwe na uzito wake.

Ila ukishafanya hivyo unakutana na tatizo la pili. Uji wenye vitu haupiti.

Mimi nilikuwa nalishwa kwa bomba kubwa la sindano, lile la mililita 60 bila sindano yake, limeunganishwa na mpira mwembamba. Mpira unaupitisha pembeni ya shavu mpaka nyuma ya gego la mwisho, pale kuna upenyo, unasukuma kidogokidogo, chakula kinapita nyuma ya meno. Kitu kizito kinakwama. Ukisukuma kwa nguvu mpira unachomoka, na uji unamrukia aliyeushika. Mume wangu, Baba Nasra, alirukiwa usoni, akanyamaza, akafuta, akaendelea. Kwa hapo namsifu. Ukiongeza maji ili upite, umerudi kulekule kwenye uji wa kutikisa.

Aliyetutoa hapo ni shangazi yangu Somoe, aliyekuja kutoka Mingoyo kuniuguza. Shangazi ni mtu wa togwa. Kwao shughuli haijawa shughuli kama hakuna ndoo ya togwa. Siku aliyofika alifunua sufuria, akakoroga, akanigeukia.

"Mwanangu, huu uji au maji ya kuoshea mchele?"

Nikamwandikia kwenye simu: ukiwa mzito haupiti. Hakuwa na miwani, akampa Nasra amsomee. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Yaani una genge la chakula, na kimea hukijui kazi yake?"

Alinunua ulezi sokoni, akauosha, akauloweka usiku kucha. Asubuhi akamwaga maji, akautandaza juu ya gunia safi lililolowa na kuufunika kwa gunia jingine, na kila asubuhi na jioni akawa anaunyunyizia maji. Siku mbili tatu tu, vimizizi vyeupe vikatoka. Akauanika juani kwenye mkeka mpaka ukakauka kabisa, akaufikicha kwa viganja vimizizi vikadondoka, akaupeta kwenye ungo, ukaenda mashineni kusagwa. Unga huo ndio kimea, kilekile cha kwenye togwa. Wengine hutumia mtama. Yeye anasema mtama ni wa pombe na ulezi ni wa mtu, na mimi nafuata la kwake, maana machipukizi ya mtama yana sumu yake kidogo na yanataka uangalifu zaidi kuyaondoa.

Kisha akapika uji wa dona mzito hasa, mzito wa kusimamisha mwiko, akauepua. Nikadhani ataweka kimea palepale. Akanizuia. Mbegu ikiota inatengeneza vimeng'enya vya kuvunjavunja wanga wake, na hivyo ndivyo tunavyovitaka. Ukivitia kwenye uji unaochemka vinakufa kabla ya kufanya kazi. Ukivitia kwenye uji uliopoa kabisa vinafanya kazi kwa uvivu. Unasubiri mvuke upungue, uji uwe wa moto lakini unaweza kuonja tone bila kuungua. Hapo akamwagia kijiko kimoja cha chakula cha kimea kwenye sufuria ya lita kama moja, akakoroga, akauachia mwiko.

Mwiko ulikuwa umesimama wima katikati. Ukaanza kuinama, taratibu, ukaenda ukaegemea ukingo. Juu ya uji kukaanza kung'aa. Alipokoroga tena baada ya dakika chache ulikuwa unateleza kwenye mwiko na kumwagika kwa uzi mmoja mwembamba. Unga ni uleule, maji ni yaleyale. Akaurudisha jikoni ukachemka kidogo, kwa sababu kimea ni unga mbichi uliokaa na unyevu siku kadhaa na lazima upikwe, kisha tukaongeza korosho na mafuta. Ule ulipita kwenye mpira bila kubembelezwa.

Afisa lishe nilipomwandikia habari hizi hakushangaa hata kidogo. Alisema kimea kilikuwa kinahimizwa nchini tangu miaka ya 1980 kwa ajili ya uji wa watoto wanaoanza kula, kwa sababu ileile: tumbo dogo, chakula kinene. Aliongeza jambo moja ambalo shangazi hakulijua, kwamba wanga ukivunjwa hivyo unageuka sukari mapema, ndiyo maana uji unakuwa mtamu wenyewe, kwa hiyo mwenye kisukari azungumze kwanza na daktari wake.

Kuhusu korosho, usinunue nzima. Nzima ni za wageni na za kuuzwa Dar. Tafuta chenga, vile vipande vinavyokatika wakati wa kubangua, bei yake iko chini na kazi ni ileile. Ziwe zimebanguliwa na kuondolewa ganda la ndani, zisiwe za chumvi. Loweka kwenye maji moto saa mbili tatu, saga na maji kidogo mpaka vidole visisikie chembe. Zikilowekwa vizuri hazihitaji hata kuchujwa. Zinakuwa tui zito jeupe linaloingia kwenye uji, kwenye mchuzi, kwenye boga, popote. Karanga zinafaa pia na zina protini zaidi, ila zichujwe. Ufuta, mimi nilishindana nao nikauacha. Watu wa Lindi mtanisamehe. Vile viganda vyake vinaingia kwenye waya na kukaa humo siku nzima vikikusubiri.

Yai lisiwe bichi hata mtu akuapie. Lipige, limimine kwenye uji unaochemka huku unakoroga kwa kasi, liache lichemke. Halionekani na halisikiki.

Sasa niseme kuhusu chumvi, kwa sababu hapa ndipo wagonjwa wengi wanapokata tamaa na watu wanadhani ni maumivu. Maumivu yalipungua mapema. Kilichonisumbua ni utamu. Uji mtamu, maziwa matamu, juisi tamu, dawa ya maji tamu. Ikafika mahali nikisikia kijiko kinagonga kopo la sukari natamani kulia. Mtu wa pwani ulimi wake umezoea nazi, ndimu, pilipili, kitunguu saumu. Umnyime vyote hivyo akiwa mzima wa akili, anakaa ukutani anawatazama wenzake wanakula changu wa kukaanga!

Kwa hiyo nikamtuma Baba Nasra Feri kwa orodha iliyoandikwa. Changu nilimkataza: ni mtamu lakini miiba yake ni midogo na mingi. Nguru au kolekole, wenye nyama nene na mifupa inayoonekana. Samaki unamchemsha na kitunguu, nyanya, tangawizi, saumu na bizari, chumvi ya kutosha, asiive akakauka. Unamchambua kwa vidole. Sisemi uma, nasema vidole, na taa iwe inawaka, kwa sababu mwiba ukiingia nyuma ya meno yaliyofungwa huna mkono wa kuutoa. Nyama unaisaga pamoja na mchuzi wake na kiazi kimoja kilichoiva, unapitisha kwenye chujio la chai, kisha mara ya pili kwenye kitambaa. Unarudisha jikoni, unamimina tui la kwanza, linachemka mara moja tu, unaepua. Ndimu nilikamulia tone mwanzoni maana ilikuwa inachoma vidonda vya fizi, baadaye nikaongeza. Pilipili nilikuwa naichovya nzima kwenye mchuzi na kuitoa kabla haijapasuka.

Siku ya kwanza kuunywa ule mchuzi nilinyoosha bomba niongezwe kabla hawajauliza.

Pweza usijisumbue. Supu yake tia, ni nzuri, ina ladha na inachangamsha, lakini nyama yake hata blenda ya hotelini haiisagi ikaisha. Inageuka nyuzi, nyuzi zinabaki kwenye chujio, na wewe umetoa hela ya pweza kwa ajili ya maji. Mbaazi za nazi zinakubali vizuri ukizipika mpaka zipasuke, uzisage na kuchuja maganda. Choroko zilizokobolewa ni rahisi kuliko zote. Maini ya ng'ombe yakichemshwa na kiazi na karoti yanasagika laini kuliko nyama yoyote, na yana madini ya chuma; wakati wa ajali nilimwaga damu, basi nikawa nayanywa mara kwa mara. Kisamvu, kile kilichotwangwa na kupikwa muda mrefu kwa nazi na karanga, kikisagwa tena kinapita, lakini kwenye waya kinaacha kijani cha kutisha. Uji wa muhogo uuache kwanza, hata kama umekulia Newala. Muhogo unashibisha na hauna protini ya maana.

Kulikuwa na harusi ya mtoto wa jirani, na mimi ndiye niliyetakiwa nisimamie pilau. Nilisimamia kwa ishara. Jioni nikachukua upawa mmoja wa pilau na nyama yake, nikausaga na mchuzi, nikachuja. Rangi yake siielezi. Ladha ilikuwa pilau kamili, mdalasini, iliki, pilipili manga, kila kitu mahali pake, na niliinywa nimefumba macho. Wifi yangu alipoona kikombe alisogea meza nyingine.

Msimu wenyewe ulikuwa wa mabibo, na watoto walikuwa wanarudi nayo kila siku. Bibo lina vitamini C nyingi, linalishinda chungwa mbali sana, na vitamini C inasaidia kidonda kufunga. Tatizo ni ule ukakasi unaobana koo. Kamua, tia chumvi chembe, chemsha kidogo, acha litulie na uchuje, ukakasi unapungua ingawa na vitamini kiasi inapotea kwenye moto. Nilikunywa glasi ndogo baada ya chakula. Majirani wengine walinishauri uraka, pombe ya mabibo, eti unaleta usingizi. Kilevi na mdomo uliofungwa havikai nyumba moja, na sababu naieleza chini.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni la moto. Taya likivunjika, au likipasuliwa, neva inayopita ndani yake inaweza kuumia, na mdomo wa chini ukafa ganzi kwa wiki au miezi. Mimi mpaka leo upande mmoja wa kidevu nagusa kama nagusa ukuta. Maana yake ni kwamba huwezi kujua uji ni wa moto mpaka umeshaungua. Anayekulisha apime kwanza kwa tone nyuma ya kiganja chake, kama anavyompimia mtoto, kila mara, hata kama amekulisha jana na juzi.

Umeme ukikatika, na utakatika wakati umeshaloweka korosho, kinu kipo. Korosho zilizolowekwa zinatwangika. Samaki anatwangika. Boga halihitaji hata kinu. Kinachohitajika ni subira ya kuchuja, na kitambaa kifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani kila siku. Chakula kilichosagwa kinachacha upesi kwa joto letu la Mtwara. Kama huna friji, pika cha kutosha mara mbili kwa siku na kilichobaki wape wazima wale.

Mdomo uoshwe kila baada ya kula. Kila baada ya kula, narudia, hata ukinywa maziwa nusu kikombe. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, unasukutua, au unapiga kwa bomba lilelile kati ya waya. Mswaki wa mtoto, ule mdogo laini, ndio unaofika. Waya ukikuchoma shavu, omba kliniki nta ya kufunika ncha. Uchafu ukikaa humo harufu inakuja ndani ya siku moja, na ukipata usaha, kula kote huku kumekuwa kazi bure.

Choo kitafunga. Hakuna nyuzinyuzi, dawa za maumivu nyingine zinafunga, na umelala sana. Papai bivu lililosagwa, maji ya ukwaju, maji ya kawaida mengi katikati ya milo, na kutembea. Mimi nilikuwa nazunguka mtaa jioni, khanga hadi puani, watu wakadhani nina jambo.

Kuhusu kutapika. Huu ndio woga wa kila mtu na afadhali usemwe. Ukiwa umefungwa na ukatapika, usilale chali. Inama mbele, kichwa chini, vuta mashavu kwa vidole. Kwa kuwa unakula vitu vya maji, vitatoka vyenyewe kupitia meno na pua. Kabla hujaruhusiwa, lazima wakuonyeshe wewe na wa nyumbani kwako waya upi unakatwa kama pumzi imeziba, na koleo la kukatia liwe karibu nawe usiku na mchana. Langu lilikuwa linaning'inia shingoni kwa kamba, na nililalia mto mrefu. Ndiyo maana nasema uraka hapana. Na vidonge usivisage tu kwa kuwa unasaga kila kitu: vingine vikisagwa vinaharibika au vinadhuru. Mfamasia ndiye atakayekuambia kipi kina aina ya maji.

Uzito upimwe kila wiki, kwa mizani ileile. Sisi nyumbani hatuna mizani, lakini kaka yangu ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, na ilikuwa wakati wa kupokea korosho. Nikawa napimwa ghalani, juu ya mizani ya magunia, wakulima wamepanga foleni. Mara ya kwanza nilikuwa nimepungua kilo tano, mzee mmoja akauliza kama na mimi nina unyevu wa kukatwa kwenye uzito, kama korosho mbichi, watu wakaangua kicheko na mimi nikacheka kwa pua. Baada ya kimea uzito ukasimama. Haukupanda, na afisa lishe alisema kusimama kunatosha kwa mtu aliyefungwa. Kupanda kutakuja akifunguliwa.

Nimefunguliwa sasa, na msidhani ukifunguliwa unakwenda kula. Taya limekaa limelala, misuli imesinyaa, mdomo wangu ulifunguka upana wa kidole kimoja na nikadhani wamesahau waya mwingine. Kuna mazoezi ya kufungua na kufunga, mara kadhaa kwa siku, wanakuonyesha wenyewe. Chakula kinapanda ngazi polepole. Kwanza vitu vya kuponda kwa ulimi: boga la nazi, viazi vitamu vilivyopondwa, mtori, mayai ya kuvuruga, parachichi. Kisha wali bokoboko na samaki wa kuchambuliwa, na bokoboko lenyewe la ngano na kuku, ambalo shangazi alilikoroga asubuhi nzima na nikalimaliza kwa kijiko cha chai. Ugali laini wa kuloweka kwenye mchuzi ulikuja baadaye. Vitumbua vyangu mwenyewe nimeanza kuvila juzi, vya ndani, nikiacha kile kingo kigumu.

Gengeni nimerudi, na kimea kipo kwenye kopo lenye mfuniko, pakavu. Asubuhi natoa sufuria moja ya uji ule pamoja na mbaazi. Wateja wa kwanza walikuwa kina mama wenye watoto wadogo, kisha kijana mmoja wa bodaboda mwenye taya lililofungwa kama langu, anakuja na bomba lake mfukoni, na dereva wa lori ambaye hana ugonjwa wowote, anasema tu unamfikisha Nangurukuru bila njaa.

Korosho za kutafuna na ming'oko, vile viazi pori vyetu, daktari amesema nisubiri mpaka kliniki ijayo. Nyama ya pweza sijathubutu hata kumuuliza.